Usimvue Nguo Mtu wa Kwenye Mchezo Wako

Nakumbuka siku moja, mwanangu mtunzi, Jumapili baada ya ibada, tumejaa sebuleni kwa afisa kilimo aliyehamishiwa kwetu Ipyana, maana dishi lilikuwa kwake tu. Tamthilia ile ilikuwa na muuguzi mwenye jinsia mbili. Siku hiyo wapangaji wenzake walimvuta kanga ili waone. Sebule nzima ikacheka. Jirani yangu mmoja akauliza, huyu harusini atakaa upande upi?

Lugano wangu, miaka saba, alikuwa mapajani pangu. Hakucheka. Hapo uvumilivu ukanikatika. Nikachomoa waya ukutani, nikawaambia, "Mnayemcheka ni huyu mwanangu. Kazaliwa hivyohivyo."

Macho yote yakashuka kwenye kaptula ya mtoto.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ile tuliijua watatu: mimi, baba yake na bibi yake. Nikaimwaga mimi, msomi wa kidato cha nne.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Nilimsimulia nikingoja anisifu. Ndiye aliyewajibu majirani Lugano alipozaliwa, walipouliza ni wa kike au wa kiume: amekuja mgeni, na mgeni hakaguliwi. Sasa akaweka ungo chini, akamvuta mjukuu kifuani.

"Wale wamemvua nguo mtu wa kutunga," akasema polepole. "Wewe umemvua wa kwako."

Nililia, sikufichi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilimwomba Lugano radhi. Yeye akauliza kama bado tutaruhusiwa kwenda kutazama katuni.

Leo Lugano ni mtu mzima, na haya nakuandikia kwa ruhusa yake. Safari hii nilimwuliza kwanza.

Basi wewe unayetunga tamthilia, ukimweka mtu kama huyo, mpe kazi, mpe wivu, mpe ndugu wa kugombana naye. Habari ya mwili wake aiseme mwenyewe, akitaka. Mungu akupe kalamu yenye mikono kama ya bibi yule, iwafunike unaowaumba.

Jumatatu iliyofuata Jumapili ile niliwaandikia wenye kituo cha televisheni, hasira ikiwa ileile, ila jina la mtoto sikuliweka. Nakala ninayo mpaka leo: "Ndugu Mkurugenzi, nalalamika rasmi. Wiki tisa mmetuonyesha huyo muuguzi. Alivyoumbwa tumeshajua. Anachopenda kula hatujui. Naomba mrekebishe."