Mume wa Ng'ambo ya Bonde

Baba alinichagulia mume kwa kupima umbali. Mchumba mwingine alikuwepo, mwalimu wa kule chini nyikani, Muheza, mwenye baiskeli na shati jeupe, na moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwenye shati hilo. Baba akamkataa. Alimtaka mtoto wa rafiki yake wa ng'ambo ya bonde, huku huku kwetu Lushoto, ili akisimama uani asubuhi auone moshi wa jiko langu.

"Nyika inaua watoto," alisema. "Mwanangu hashuki."

Nililia, nikagoma kula, nikaolewa.

Sipendi uongo, kwa hiyo nitasema: walinichagulia vizuri. Ukoo wa mume wangu ulichunguzwa mpaka kwa mababu, hakuna kifafa, hakuna wapiga wake. Naye alikuwa mpole kuliko nilivyostahili kwa mdomo huu wangu. Siku niliyojifungua mtoto wetu wa kiume, mama yangu alifika kabla maji hayajachemka. Mwalimu wa Muheza angenipa nini, shati? Nikaanza hata kuwacheka wenzangu waliojitafutia waume wenyewe.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Baba mkwe, aliyependa chama kuliko ugali, akajiandikisha yeye na wanawe wote kuhamia kijiji kipya huko chini, upande wa Magoma. Tuliahidiwa mashamba mapana, shule na zahanati. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea. Watu wa milimani tunaijua homa ya nyika. Mtu mzima akishuka hurudi anatetemeka, sembuse kitoto kilichozaliwa kwenye ukungu. Mimi na mume wangu tukaamua jambo wenyewe kwa mara ya kwanza: sisi twende, mtoto abaki kwa mama.

Lakini ndoa ya kupangwa ina wenyewe, na wenyewe si sisi. Wazee wetu wawili wakakaa kwenye viti barazani kwa baba, sisi tukakaa chini. Baba mkwe akasema mjukuu ni wa ukoo wake, na akiachwa nyuma watu watasema yeye mwenyewe hakiamini kijiji anachowahubiria. Mume wangu akainama. Mimi nikamtazama baba. Neno lake moja lingetosha. Akakohoa, akasogeza kikombe chake.

"Mimi na mwenzangu hatujawahi kupingana," akasema. "Mchukue mtoto, mwanangu. Msimwaibishe mzee wenu."

Nilimchukia pale pale, na sijaacha mpaka leo ingawa ameshazikwa.

Zahanati tuliikuta bado ni msingi wa mawe. Masika ilipopungua mbu wakajaa, mtoto akashikwa na homa, na homa ikaleta degedege. Mume wangu akamfunga kwenye kanga yangu, akatoka mbio kutafuta hospitali. Alirudi akitembea polepole, nikajua kabla hajafika mlangoni.

Baba alishuka nyika kwa ajili ya mazishi. Wazee wale wakakumbatiana, wakaliwazana wao kwa wao, kisha wakatuambia sisi bado vijana, tutapata mwingine.

Hatukupata. Wala hatukuachana. Mume wangu hajanikosea hata siku moja, sasa tungeachana kwa kosa la nani? Tunalima pamoja, tunakula pamoja, na jina la mtoto hatulitaji.

Ndiyo maana ndoa yetu inasifiwa. Binti wa ukoo akimkataa mchumba aliyechaguliwa na wazee, huletwa kwangu aone faida ya kuwasikiliza wakubwa. Huniamkia shikamoo, hukaa, huitazama nyumba yetu isiyo na ugomvi. Mwishowe huniuliza watoto wangu wako wapi.

Mzee aliyemleta hujibu kabla sijafungua mdomo: "Mungu hakuwajalia."