Hedifoni ya Binti Yangu

Binti yangu alikuwa anafanyia kazi sebuleni kwangu, Kigera, Musoma. Alipokea simu za wateja wa kampuni moja ya mizigo ya Dar kupitia kompyuta, kichwani amevaa hedifoni ya waya yenye maiki ndogo mbele ya mdomo. Alikuwa bado kwenye majaribio, na wakubwa wake walisikiliza kila simu. Yote hayo alinieleza. Lakini mimi nilikuwaga naona mtu anayeshinda nyumbani hana kazi.

Siku moja kaka yangu mkubwa na mkewe walifika kutoka Bukima, wametuletea samaki, sato. Binti hakuinuka kuwaamkia. Aliwainulia kidole kuomba wamsubiri, akatabasamu, akaendelea: "Ndiyo mama, nakusikia, mzigo wako umefika."

Kaka akacheka. "Siku hizi tunaamkiwa kwa kidole?"

"Ndio wasomi hao," akasema shemeji.

Walikuwa wanatania. Aliyeona aibu ni mimi. Nilimsogelea nikamfokea, "Wewe mbwa, huwaoni wakubwa wako?" Kisha nikaivuta ile hedifoni kichwani mwake mpaka waya ukakatika.

Binti alibaki ameshika sikio. "Baba," alisema polepole, "yule mama amesikia."

Kazi ikaisha. Akahamia Bunda, akaanza kuuza mitumba. Simu zangu hapokei. Nilimtuma dada yangu wa Butiama akaniombee msamaha, akarudi bila jibu. Nyumbani hatuli pamoja tena. Mama yake ananiwekea chakula, anaondoka.

Juzi nilinunua hedifoni mpya Musoma mjini, nikaipeleka Bunda mwenyewe. Nilimkuta sokoni.

"Nipe namba ya bosi wako. Nitamwambia kosa ni langu."

"Utamwambia nini, baba? Walisikia wenyewe. Wameshamweka mtu mwingine."

"Basi rudi nyumbani, utafute kampuni nyingine. Sebuleni sitaingia."

"Ni nyumba yako, baba. Utaingia tu."

Nilimwapia. Nilimwapia mbele ya watu, mzee mzima. Alilitazama boksi la hedifoni bila kulifungua, akaniwekea tena mikononi, taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa ya dukani asiyoihitaji.

Akaja mama mmoja kuulizia gauni. Binti yangu akaniomba nisogee pembeni, nilikuwa namziba mteja.