Matarumbeta ya Lusia

Watu wa Lindi wakikuambia kwamba Lusia ni mkaidi, usiwabishie. Ni kweli. Ila ukaidi huo ndio uliotupatia sisi wanawake muziki wa kuchezea, na mimi siwezi kumsema vibaya mtu aliyeniinua kitini bila kunishika mkono.

Alizaliwa Newala, kwa Wamakonde, akaja Lindi kuolewa. Kupuliza tarumbeta alifundishwa na babake misheni, kwa kuwa mzee hakujaliwa mtoto wa kiume na hakutaka azikwe na ujuzi wake. Parokiani kwetu bendi ilikuwa ya wanaume. Lusia alipewa kayamba, akalitikisa miaka mingi bila kununa. Siku wanaume walipoletewa vyombo vipya, aliyaomba yale matarumbeta ya zamani yaliyobonyea, akakusanya wasichana. Mwenyekiti wa bendi, Alfonsi, alimpa kwa sharti: ikifika Pasaka na hakuna harusi hata moja iliyowaita, yanakwenda kwa mfua sufuria.

Wasichana wakajifunza nyimbo zilizokuwepo, yaani zile za gwaride. Walipopiga kwenye ubatizo kule Mchinga, wanawake tulikaa tumeshika tama kama tuko msibani. Tena ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa milango. Duka la Dawoodbhai limejaa redio kaseti. Nani angewaita wasichana waje wamtembeze kijeshi?

Lusia akajiuliza ni nyimbo gani zinazomwinua mwanamke mwenyewe. Jibu alikuwa nalo tangu usichana wake: zile tulizochezwa nazo unyagoni. Alasiri moja, nyuma ya kanisa, akawafundisha wasichana wimbo mmoja, wakaupuliza wote mpaka mwisho. Alfonsi na wenzake walikuwa pale pale wakitengeneza mabenchi.

Jamani! Wanawake walitoka majikoni, mmoja na mwiko mkononi. Mimi nilitoka uso unaniwaka. Mambo ya unyago hayasikiwi na wanaume, na hilo hata mtoto wa Lindi analijua. Bibi Moza, kungwi wetu, alifika wa mwisho kwa sababu ya magoti yake. Lusia akampa shikamoo, asiitikiwe.

"Bibi, tarumbeta halina maneno," Lusia akajitetea. "Wanaume wamesikia sauti tu."

"Lenyewe halina. Sisi tunayo," alisema Moza. "Umetuvua nguo mchana."

Akaondoka. Sote tulijua bendi imekwisha, maana hakuna mama ambaye angemruhusu binti yake kupiga kitu alichokikataa kungwi.

Lusia akamfuata nyumbani kwake. Alimkuta anamenya mihogo, akachukua kisu naye akamenya. Aliomba radhi mara moja tu, kisha, mkaidi yule, akauliza ni wapi hasa panapochoma. Moza alimenya kwanza, akaupiga ule wimbo kwa mdomo uliofumbwa, akafikiri. Sehemu ya mbele, alisema, hata visimani watu huiimba. Mazito yako kwenye kipande cha mwisho.

"Pigeni," akasema. "Mkifika pale, nyamazeni. Pale ni petu."

Kwaresima haina harusi, na kungoja Pasaka kungekuwa kuchelewa, kwa hiyo Lusia alikwenda mwenyewe kwa Sixbert, fundi cherehani, aliyekuwa anaoza binti kabla ya Kwaresima. Sixbert alikwisha azima redio kaseti. Mkewe ndiye aliyesema wasichana waje, wapewe nafasi ya wimbo mmoja.

Siku ya harusi wakaanza. Vichwa vya kina bibi vikainuka. Kanga zikafungwa viunoni. Wimbo ulipofika pale pa mwisho, matarumbeta yakashuka kwa pamoja, kimya, na hakuna mwanamke aliyefungua mdomo kuimba. Tulipajaza kwa viuno na vigelegele mpaka vumbi likapanda, kisha wasichana wakarudia mwanzo. Nilicheka, nikalia, sijui kwa nini. Redio haikufunguliwa siku ile.

Alfonsi alikuwa amesimama kando ya turubai, kakunja uso. Ni mwanamuziki yule, wimbo ukikatwa anaumwa. Akamwendea Lusia.

"Dada Lusia, siku ile nyuma ya kanisa niliusikia una mwisho. Mwisho umekwenda wapi? Tufundishe na sisi, binti yangu anaolewa."

Bibi Moza alikuwa karibu, anajipepea na ncha ya kanga. Alimwachia Lusia ajibu.

"Huo hamfundishwi," Lusia alijibu. "Binti yako akiolewa, utatuita."

Alfonsi akageuka kuwatazama wanawake. Mkewe mwenyewe alikuwa katikati, jasho linamtiririka, hana habari naye. Kisha akauliza kama Jumamosi ya baada ya Pasaka bendi ya wasichana ina nafasi.