Papa Anselme Alivyomwombea Mjukuu Chakula cha Shule

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, mwaka 2017, nikiwa nimesimama kwenye korido ya jengo letu pale mtaa wa Troyeville, huku kusini mwa Afrika, namsihi mzee wa watu avue suti. Mzee mwenyewe alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, na sote tulimwita Papa Anselme. Siku hiyo nilikuwa nimsindikize shuleni kwa mjukuu wake niwe mkalimani, kwa sababu yeye alikuwa na Kifaransa chake na Kiswahili cha kwao, ila Kiingereza kilimkataa kabisa.

Ngoja kwanza nikueleze tulikuwa tunakwenda kufanya nini, maana jambo hili wengi hulisikia nusu nusu. Shule nyingi za serikali hapa hazitozi ada, na huko watoto hupewa chakula bila kuulizwa. Shule ya Furaha, mjukuu wake, ilikuwa ya kulipia. Palikuwa na jiko, na chungu kilipikwa kila siku, lakini walipewa chakula wale tu ambao wazazi wao wameomba na kamati ya shule imewakubalia. Usipoomba, mtoto wako atakaa uwanjani akinusa maharage ya wenzake.

Furaha alikuwa na miaka minane, na babu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwaka ule mwenye nyumba alikichukua kile chumba cha chini ambacho Papa Anselme alikuwa akishonea. Cherehani ikahamia koridoni, wateja wakapotea njia. Mtoto akawa anakwenda shule na chai tumboni. Walimu wakimuuliza, anasema ameshiba. Mwalimu wake mmoja, Mungu amzidishie, alimwona anasinzia kila siku kabla ya saa sita, akaelewa, akampa fomu ampelekee babu yake.

Fomu tuliijaza mezani kwangu, na haikuwa ngumu: majina, anwani, kazi, watu wanaoishi nyumbani. Tukaambatisha nakala ya kibali chake cha ukimbizi na karatasi ya kiapo kwamba hana mshahara. Kiapo hicho unakwenda kituo cha polisi, unaeleza, wanakugongea muhuri bure. Kilichobaki kilikuwa kuitwa mbele ya kamati.

Sasa siku ya kamati, mlango unafunguliwa, anatoka mtu na suti ya kijivu, tai nyekundu, kofia, viatu unaweza kujitazamia. Wakongomani bwana! Kwao, kwenda mbele ya mkubwa bila kujipanga ni sawa na kumtukana. Hata kama unakwenda kuomba. Hasa kama unakwenda kuomba.

"Papa, tafadhali," nikamwambia, "watakuona tajiri. Vaa lile sweta lililotoboka kiwiko."

Akakaza tai yake taratibu. "Mama Saidi, minajua unanipenda. Lakini ile sweta ni ya kulalia. Unataka niende kule nicheze teatri, maigizo?"

"Wenzako wanafanya hivyo na wanapata."

"Basi wapate. Furaha atakuwa pale, ataniona. Mtoto akiona babu yake amejichafua juu ya kupata sahani moja, ile chakula atameza namna gani?"

Nilikuwa bado na nguvu za ujana, nikidhani werevu ni kujua wakubwa wanataka kuona nini. Mzee yule alinisahihisha kwa swali moja, tena kwa upole, huku akinishikia mlango nitangulie.

Tulikwenda kwa miguu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, dereva mmoja wa teksi akatoa kichwa dirishani. "Eish, mkhulu! Mzee wetu, harusi iko wapi?" Papa Anselme akamwinulia kofia kama anayemkaribisha.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye sauti kubwa. Alimwita Furaha kutoka darasani, akamkalisha pembeni. Akafungua karatasi zetu, akamtazama mzee kuanzia viatu hadi tai, akazifunga tena.

"Haibo, mkhulu," alisema, "hata mume wangu hana suti kama hii. Umekuja kuomba chakula au umekuja kuinunua shule?"

Wenzake wakaangua kicheko. Furaha aliyeelewa kila neno akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kutafsiri kwa kupunguza makali, na mzee akaliona hilo usoni mwangu.

"Sema yote, Mama Saidi."

Nikasema yote. Naye akacheka! Alicheka kwa moyo, kama mtu aliyesifiwa kazi yake. Kisha akasimama, akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalilaza mezani mbele ya yule mama.

Mwanangu, laiti ungeliona lile koti. Bitana yake ilikuwa vipande vitupu: kitenge cha njano, pazia la maua, shuka la mistari, kipande cha gauni la bi harusi. Mabaki ya wateja wa miaka yote, yameungwa kwa mshono mdogo ulionyooka.

"Madame," akasema, nami nikamfuata neno kwa neno, "kitambaa ya hii suti sikununua. Mgongo ni suruali moja ya mtu aliitupa, mikono ni ingine. Kazi minajua. Wateja ndio hawakuji, na mtoto ana njaa leo. Nimevaa vizuri juu yenu, sababu ninyi ni wakubwa wa shule ya mjukuu wangu. Kile niliandika ndani ya karatasi ni kweli. Mukitaka, mukuje nyumbani mufunue sufuria."

Yule mama alivuta koti, akapitisha kidole juu ya mshono. Kisha akamgeukia Furaha, akamuuliza kwa Kizulu jana usiku walikula nini.

Mtoto alimtazama babu yake kwanza. Babu akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Mimi nilikula mkate na chai," alisema. "Babu alikuwa amekula kwa mteja."

Mimi nilijua hapakuwa na mteja wiki nzima. Nadhani na yule mama alijua. Hakuna aliyecheka tena. Alitia sahihi, akamsogezea mwenzake naye atie, akasema sasa kwa sauti ya chini, "Jumatatu aje na bakuli na kijiko chake. Na wewe, mkhulu, utusamehe maneno yetu."

Jumapili yake ndipo nilipomstahi Papa Anselme zaidi. Mimi si wa kanisa, lakini habari zilifika kwenye jengo kabla yeye hajarudi. Wakati wa matangazo ya ibada alisimama, akasema: "Mjukuu wangu kesho anaanza kula shuleni. Niliomba, wakanipa. Mwenye mtoto anayeenda na njaa, akuje, nitamwonyesha njia." Wapo waliofunika midomo kwa vitambaa kuficha kicheko. Mama mmoja wa kwaya alinong'ona kwa nguvu wasikie wote, "Fundi mzima anatangaza njaa yake!"

Jumatatu Furaha alirudi analalamika maharage ya shule hayana pilipili. Babu yake alicheka mpaka akakaa chini. Na Jumanne jioni mlango wangu ukagongwa. Alikuwa yule mama wa kwaya, kilemba amekishusha hadi kwenye nyusi, anauliza kwa sauti ndogo kama Papa Anselme yupo kwake, na kama kweli kile kiapo cha polisi ni bure.

Mwanangu, mambo yatakapokubana, na huwabana watu wote kwa zamu, usimfundishe mtoto wako kusema ameshiba. Nenda shuleni mapema, mwaka unapoanza, uulize fomu. Andika ukweli, wala usiuongeze wala usiupunguze. Beba nakala za vibali vyako na kiapo chako. Ukikataliwa, omba waeleze sababu kwa maandishi, maana una haki ya kuomba uamuzi utazamwe upya. Kama lugha inakushinda, tafuta mtu wa kukusemea, umwambie aseme yote. Na ukishafanikiwa usikae kimya, kwa kuwa jirani yako naye ana mtoto na anaona haya kuuliza.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na wateja wa kuitaka. Siku kazi ikikosekana, akupe ulimi wa kusema bila kutetemeka, na watu wa kukusikiliza. Awashibishe watoto wako mchana, awalaze salama usiku, na akuweke uwaone wakikua. Amin.