Malaika Aliyeoshwa

Katika jumba la kale hapa Durban, lenye maonyesho ya mchongaji wa enzi ya Baroki, ile sanaa ya Ulaya iliyopenda mapambo na dhahabu, malaika wa mbao alinukia nta, kama kanisa la utoto wangu.

Mama alilifagia kanisa lile, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Kabla ya Pasaka moja alimwosha malaika wa mbao wa kanisani kwa sabuni ya kufulia. Rangi ya dhahabu ikabaki kwenye beseni.

"Eh, Mama! Umemchuna malaika!" katekista alisema.

"Ulitaka ampokee Bwana akiwa na vumbi?"

Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika. Padri alipouliza sababu, Mama alijibu, "Anasikia baridi, Padri."

Padri alicheka sana.

Jumatatu iliyofuata mwanamke mwingine alikuwa akifagia. Kitenge hakikurudishwa.