Usivuke Sabini na Mbili

"Fungeni bomba. Mume wangu amesimama pale tangu Jumapili."

"Mama Tumsifu, mume wako tulimzika. Ugali wa msibani nilisonga mimi."

"Basi aliyesimama pale ni nani?"

Tulikuwa tumeshabishana nusu saa nzima ofisini kwangu. Mlango uko wazi, akina mama wenye ndoo wanasikiliza bila aibu.

Niwaeleze kwanza. Mimi ni Rhobi, mama wa binti mmoja, nina diploma ya kompyuta. Naendesha ofisi ya mradi wa maji wa kijiji kimoja upande wa Mbalibali. Jina la kijiji nabaki nalo. Mambo ya mizimu siyo fani yangu.

Mama Tumsifu, jina lake Bupe, ni mtu wa Tukuyu. Alikuja huku na mumewe, mzee Kassian, mtaalamu wa maji wa serikali. Mzee ndiye aliyeandika programu yetu miaka ya themanini, kwa lugha ya zamani inayoitwa Fortran. Unaingiza vipimo vya kila kisima, inakokotoa floridi itakayofika bombani.

Floridi ikizidi kwenye maji, watoto wanaota meno ya kahawia. Huko mbele inaingia kwenye mifupa.

Mzee alifariki wiki tatu zilizopita.

"Haya, anafanya nini hapo bombani?" nikamuuliza, kumkomoa tu.

"Anahesabu matofali ya tangi kwa kidole. Akifika mahali anasimama. Ananitazama. Anaanza upya."

"Mchana kweupe?"

"Saa sita. Jua la utosi."

Mama mmoja akainamisha ndoo yake, akamwaga maji yote chini.

Nilitaka kucheka. Sikuweza, maana nilihisi najua anasimama tofali la ngapi.

Siku mzee anakata roho nilikuwepo wodini. Nilikuwa nimempelekea programu nzima nimeichapa kwenye karatasi, anieleze mistari kadhaa kabla sijaihamishia kwenye kompyuta mpya. Akaomba penseli. Akapekua, akahema.

"Rhobi," akasema, "usivuke sabini na mbili."

Hakuongea tena.

Watu wakasema anataja umri. Alikuwa na sabini na moja. Mimi nikasema ni homa, nikaenda zangu.

Sasa Bupe akafungua kanga yake kiunoni, akaniwekea mezani karatasi moja ya ile programu.

"Alikufa nayo mkononi. Ni yako hii."

Ilikuwa na mstari mmoja wa penseli, wima, kutoka juu hadi chini, kama ukuta. Wodini nilidhani mkono wa mgonjwa umeteleza. Safari hii nikahesabu herufi za programu, kutoka kushoto mpaka kwenye ukuta ule.

Sabini na mbili.

Nikahesabu tena, jamani, na mimi siyo mwoga.

Nikaingia mtandaoni kutafuta kanuni rasmi za Fortran, ile hati inayosema lugha yenyewe inataka nini. Ya kwanza inauzwa kwa dola. Ya pili ni picha za kitabu kilichopindishwa, herufi kama sisimizi waliokanyagwa. Ya tatu ilisomeka vizuri, kisha ukurasa niliokuwa nautaka ukawa mweusi tii, kama mtu kauwekea kiganja.

Bupe yuko kwenye benchi. Anatazama bomba dirishani.

Ya nne, mtu fulani, sijui nani, sijui wa wapi, alikaa akaichapa upya yote, neno kwa neno. Safi kabisa. Imeandikwa wazi: mstari una herufi sabini na mbili.

Na zikizidi je?

Nikajaribu. Nikaandika upuuzi mtupu kuanzia herufi ya sabini na tatu. Programu ikaenda kama kawaida, haikulalamika. Kumbe kompyuta yetu inasoma mpaka kwenye ukuta, yanayobaki inayaacha. Wala haikuambii.

Nikarudi kwenye karatasi. Ni mstari mmoja tu uliovuka penseli ya mzee, ule wa kujumlisha floridi. Visima viwili vimeandikwa ndani ya ukuta. Kisima cha tatu, chenye floridi kuliko vyote, kiko nje.

Miaka mitano maji yake yanafika bombani, lakini kwenye hesabu hayafiki. Na sisi tulikuwa tunapima visima tu. Bomba hatukulipima, kwa sababu programu ilisema salama.

"Nani aliandika huo mstari?" Bupe akauliza.

Mzee alistaafu kabla kisima cha tatu hakijachimbwa.

"Mimi, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikamkumbuka Gati, binti yangu. Ana miaka saba, meno mapya yanaota na madoa ya kahawia. Kila asubuhi nilikuwa namsugua kwa mkaa mpaka fizi zinatoka damu. Namwambia, "Mvivu wewe, hupigi mswaki." Naye analia, "Napiga, mama."

Nikatoka nje. Nashoni, mlinzi wa pampu, akanifuata.

"Mama Gati, tusubiri kikao cha kamati Alhamisi."

"Mura," nikamwita kama tunavyowaita vijana huku, "lete spana."

Nikafunga valvu ya kisima cha tatu kwa mikono yangu, nikaizungushia mnyororo na kufuli. Kisha nikafungulia tangi lote limwagike. Akina mama wakasimama na ndoo tupu, maji yanapita miguuni mwao. Nikawaambia sababu, nikawaambia na aliyekosea. Wengine walinisonya. Ni haki yao.

Bupe alikuwa akitazama matofali ya tangi. Midomo yake inahesabu, macho yanafuata kitu nisichokiona mimi.

"Leo hakusimama," akasema. "Amemaliza yote, ameenda zake."

Nami nawaambia hivi: ukisikia marehemu hatulii, kabla hujamtafuta mganga, kakague kwanza kazi ya mikono yako. Mimi mzee alinionyesha kwa penseli, nikasema ni homa.