Mpini Alionikatia Baba

Kaa hapa karibu nikusimulie, maana tangu mwezi uliopita jambo hili limenikaa kooni na sijapata wa kumwambia. Jumamosi moja nilimpeleka binti yangu kwenye mazoezi ya gofu, pale kwenye kiwanja kidogo nje ya Mwanza ambako siku hizi kijana mmoja mpole anafundisha watoto. Binti ana miaka kumi na mmoja. Mkononi nilikuwa na fimbo yangu ya utotoni, ile niliyotengenezewa na baba. Nilikuwa nimeitoa uvunguni, nimeifuta vumbi, na nilikuwa najidai nayo kwelikweli. Nilitaka mtoto aanze na kitu cha babu yake.

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Akasimamisha ncha yake chini, akausukuma mpini katikati kwa kiganja. Haukutikisika. Akausukuma tena kwa uzito wa mwili wake wote, kisha akaigeuza na kuchungulia pale juu palipokatwa.

"Samahani, mama. Hii nani aliikata?"

"Baba yangu. Alikuwa fundi baiskeli."

"Alimkatia nani?"

"Alinikatia mimi. Nilikuwa na umri wa huyu."

Alianza kucheka, akauona uso wangu, akaacha. "Mama, kwa fimbo hii hakuna mtoto angeinua mpira. Mimi mwenyewe ningetoka jasho."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto. Watu wakinunua fimbo, alisema, wanatazama kichwa kinavyong'aa, kumbe kazi inafanywa na mpini. Kuna mpini wa chuma, mzito, mtiifu, unaomfaa mtu mwenye nguvu anayetaka mpira uende anakoutuma. Kuna ule mweusi wa grafaiti, mwepesi, unaomeza mtetemo usifike kwenye viwiko. Huo unawafaa watoto, wazee, na yeyote ambaye mikono yake haina kasi. Lakini chuma au grafaiti, neno kubwa ni ugumu. Kila mpini hupinda kidogo unapozungusha fimbo, halafu hujinyoosha ukifika kwenye mpira, na kule kujinyoosha ndiko kunakosaidia kuurusha mpira juu. Mwenye kasi akipewa mpini laini, mpira unapaa ovyo na kupotelea kushoto. Asiye na kasi akipewa mgumu, mpira unatambaa chini na kukimbilia kulia.

"Na ukiukata uwe mfupi, ndiyo unazidi kuwa mgumu," alisema. "Huu ulikuwa wa mwanaume mwenye misuli, halafu ukakatwa. Hii ni nondo, mama."

Nondo! Akamchagulia binti yangu fimbo yenye mpini laini mweusi, akamsogeza miguu, akamwambia apige bila kukaza mabega. Mtoto akapiga. Mpira ukanyanyuka, jamani, ukaenda juu huku sisi tumeinua videvu, na mwanangu akapiga kelele za furaha. Mimi niliketi kwenye nyasi. Mwalimu akadhani ni jua, akaniletea maji.

Haikuwa jua. Mimi, rafiki yangu, nimeishi miaka thelathini na tano nikijua kwamba mikono sina.

Tulikuwa tunakaa Butimba, chini ya majabali, mahali ambapo ukitoka mlangoni unaliona ziwa lote. Mama alikuwa anakausha dagaa juu ya jiwe pana nyuma ya nyumba, na kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru. Harufu ile sikuipenda wakati huo. Leo nikipita sokoni nikaisikia, nasimama. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukitafuna na karanga mpaka taya zichoke, na wakati wote huo mlio wa nyundo ya baba unasikika kutoka barabarani, ngo, ngo, ngo, ananyoosha rimu ya mtu.

Banda lake lilikuwa la mabati manne na mlango wa turubai, lakini watu walivuka kwa kivuko kutoka Kamanga na baiskeli zao mabegani kumfuata yeye. Walisema jicho lake ni rula. Alipima kwa kutazama tu, akakata, na kitu kikaingia. Kwa vile maisha yake yote yalikuwa kunyoosha vyuma vilivyopinda, alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila siku: "Chuma kinachopinda ni chuma kilichokufa." Tulilijua kama sala.

Basi kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, mpenzi mkubwa wa gofu. Vishikio vya fimbo zake vikichakaa alimletea baba, na baba alivifunga upya kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, safi kabisa. Mzee yule alipenda sana watoto. Siku moja akatangaza kwamba atachagua watoto watatu, awafundishe kila Jumamosi kwenye kiwanja kilichokuwa karibu na kwetu, na mwisho wa mwaka awapeleke Kisumu kwa meli wakacheze na watoto wa huko. Meli! Mimi niliyeziona meli kila siku toka juu ya jabali na sijawahi kukanyaga hata ngazi zake. Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Gofu yenyewe sikuijua, lakini meli niliitaka.

Mzee alimpa baba fimbo tatu za zamani zilizochakaa vishikio, anitengenezee mimi mojawapo. Nakumbuka vizuri alivyochagua. Aliiweka ya kwanza gotini, akaivuta, ikapinda. Akaitupa pembeni kwa dharau. Ya pili ikapinda pia, nayo akaitupa. Ya tatu aliivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, haikupinda. Akatabasamu. "Hii ndiyo yenyewe. Mwanangu hachezei takataka." Akanipima kwa uzi toka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, akaibana kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno, akaipiga tupa, akaifunga tyubu na kuipaka solusheni. Nililala nayo kitandani ikinuka gundi.

Miezi mitatu nilifanya mazoezi ufukweni, katikati ya mawe. Mpira ulitambaa. Nikipiga hivi unatambaa, nikipiga vile unakimbilia majini upande wa kulia, nami naufuata mpaka magotini. Baba akija jioni anasimama pale na mikono yenye grisi, anasema, "Ongeza nguvu, mayu!" akiniita mama kwa Kisukuma. Naongeza. Viganja vilitoka malengelenge, mama akawa ananipaka samli huku akigombana na baba kwamba anamuua mtoto. Baba alisema fimbo haina kosa, ni mazoea tu.

Siku ya kuchaguliwa tulikuwa watoto wanane. Nilivaa gauni la Pasaka. Kila mtoto mipira mitatu. Wangu wa kwanza uligota kwenye nyasi. Wa pili ulikwenda kulia, ukawakosakosa watu waliokuwa wamekaa. Wa tatu niliupiga kwa nguvu zangu zote na roho yangu yote, na ukasogea hatua kama ishirini hivi, chini chini, ukasimama. Mtu akacheka. Yule mzee hakucheka, maskini, alikuja akanishika bega, akamwambia baba kwa upole, "Fundi, mtoto ana moyo sana. Lakini mikono hana."

Tulirudi nyumbani, mimi nyuma ya baba, mikono nimeificha mgongoni. Tulipokaribia banda, baba akasema, "Basi, mayu. Kila mtu na kipaji chake. Mikono yako ni ya kalamu."

Nikaamini. Ungekuwa wewe usingeamini? Baba yangu hakuwahi kukosea kipimo. Na uone maajabu ya akili ya mtoto: kesho yake asubuhi nilipandisha ndoo ya maji kutoka ziwani, juu ya yale mawe, kama kila siku, na jioni nikatwanga muhogo mkavu mpaka ukawa unga. Kwa mikono gani? Sikujiuliza. Shuleni mwalimu aliniita nirushe mkuki, nikamwambia mikono sina. Wakanitaka kwenye netiboli, nikasema sina. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa nimetaka tangu utoto kurithi lile banda, niwe fundi kama yeye. Sikuthubutu kulisema tena. Nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikashika chaki. Si kazi mbaya, na wanafunzi wangu nawapenda. Lakini banda lilifungwa kwa kukosa mtu, baba akiwa bado na nguvu zake. Leo pale wanauza vipuri vya bodaboda.

Kwa hiyo Jumapili, kesho yake baada ya ile nondo, nilikwenda kwa baba. Naapa nilikwenda kucheka naye. Nilikuwa nimeshaipanga hadithi kichwani, nitakavyomwambia, "Baba wewe, ulinipa nondo!", naye atakavyojipiga paja. Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kigoda, anaziba pancha ya baiskeli ya mtoto wa jirani. Macho hayaoni vizuri siku hizi, analitafuta tundu kwa kuisogeza tyubu shavuni asikie upepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mjukuu hajambo?"

Nikamweleza yote. Kiganja cha mwalimu, mpini mweusi, mpira ulivyopaa. Nikafika kwenye nondo, nikacheka. Nilicheka peke yangu. Baba aliiweka ile tyubu chini polepole, akajifuta mikono, akanitazama.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri. "Ulijua nini, baba?"

"Nilijua wiki ileile uliyokosa meli. Mke wa yule mzee wa vitambaa alileta fimbo yake, kichwa kimelegea. Nilipomaliza nikaijaribu nyuma ya banda. Mpini ulipinda, mimi nikasema, loo, chuma kimekufa hiki. Mpira ukapaa mpaka nikaogopa. Nikachukua ule wako, nikapiga, ukatambaa. Nikapiga tena. Nikajua si mikono yako."

Mama yangu! Ningeambiwa ziwa limekauka nisingeshtuka vile. Maneno yalinitoka kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mzazi wangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako, fundi wa Butimba nzima, ndiye aliyekukosesha meli?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo ungesema!"

Akainamisha kichwa. "Nilingoja usahau. Nikaona umesahau."

"Sikusahau, baba. Nilikubali."

Kisha akasema kitu ambacho kiliniumiza kuliko vyote. Alisema kila mwaka baada ya hapo alikuwa anasubiri niingie bandani mwenyewe nishike spana, apate kunifundisha, na kila mwaka niliposema mikono sina alishindwa kunibishia, maana kunibishia kungemlazimu aeleze alivyojua. Alilifunga banda lake kwa mkono wake ili asiseme sentensi moja. Marehemu mama alikuwa na msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani angekuwepo amwambie yeye, mimi nilishindwa.

"Nisamehe, mayu," akasema.

Mtoto wa Kiafrika anajua anachotakiwa kujibu hapo. Nikajibu. Nilisema yamekwisha, baba. Nikamsaidia kurudisha tairi kwenye rimu, kwa mikono yangu, likaingia bila shida, na wote wawili tukaliona hilo wala hatukulizungumzia.

Hayajaisha, rafiki yangu. Nakwambia wewe kwa sababu yeye siwezi kumwambia. Nampenda baba yangu, nimeshakwenda kwake mara mbili tena, nimempelekea sato na unga. Hasira yenyewe inapanda na kushuka. Naweza kuishi bila Kisumu. Hata lile banda, huenda bodaboda zingelifunga tu. Anayeniuma moyo ni yule mtoto wa gauni la Pasaka, anayetembea nyuma ya baba yake, ameificha mikono mgongoni kwa aibu. Sina njia ya kumfikia kule aliko. Mikono yake ilikuwa mizima, na hakuna tena wa kwenda kumwambia.